Kwa vijana wetu wa Pwani mnaorusha ndege ndogo

Wanangu,

Assalaam alaykum, na msio wa salamu hiyo, hamjambo.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha nilikuwa barazani Kibokoni, kikombe cha kahawa mkononi na kashata hata sijaimega, nikasikia jambo lililoniwia chungu kuliko ile kahawa. Kijana wetu mmoja, miaka thelathini hajafika, tepe nne za ukapteni mabegani, alikuwa akisimulia alivyoikataa kazi. Shirika kubwa limemwita akawe rubani msaidizi kwenye jeti. Kawajibu hendi. “Mimi ni kapteni,” asema, “nikakae kulia nimsomee mtu cheklisti?” Baraza zima likacheka. Mmoja akampiga bega: “Hapo umecheza, kapteni!”

Mimi sikusema neno. Nilirudi nyumbani na usingizi ukanikataa, kwa sababu maneno yale niliyasema mimi mwenyewe mwaka 1991, na hata kicheko nilichochekewa ni kile kile.

Nimestaafu juzi nikiwa na miaka 65. Maisha yangu yote ya kazi ni viwanja vya Moi, Ukunda, Malindi, Manda, Wilson, na kurudi. Ndege kubwa kuliko zote niliyowahi kuiongoza ilikuwa ya pangaboi. Sioni haya kwa hilo. Nimewapakia watu mizigo kwa mikono yangu, nimetua Manda upepo wa kusi ukinisukuma ubavuni, abiria wakashuka wakapanda mashua kwenda zao Amu bila kujua kwamba shati langu limelowa. Ni kazi ya heshima, na wako wenzangu walioichagua kwa macho mawili: alitaka kulala kwake kila usiku, asubuhi ale mahamri na mbaazi na wanawe. Huyo simgusi. Nasema na yule ambaye kila ndege kubwa ikipita juu ya kichwa chake huinua macho.

Mwaka ule 1991 nilikuwa na ukapteni wa miezi mitano. Barua ikaja katika bahasha ya kaki, nikaripoti Nairobi ndani ya wiki mbili, nianze upya kama msaidizi. Mshahara ungeshuka. Nami nilikuwa na nyumba Kisauni, imefika linta, fundi ananidai, simenti nimechukua kwa mkopo. Mke wangu akasema, “Nenda, nyumba haitakimbia.” Nikamwambia mwakani, nikishaezeka. Ile barua nikaitia mtotoni mwa kabati pamoja na risiti za mabati. Mwakani hawakuajiri. Walipokuja kuajiri tena, vijana niliowafundisha mimi kutua ndio walioitwa, na mimi nikaona aibu kukaa chini yao. Kisha zikaingia karo. Nyumba niliezeka, ndiyo hii ninayoandikia. Inavuja upande wa jikoni.

Sasa sikizeni hesabu yenyewe, maana naona hamuijui na mnaitwa makapteni. Kwenye mashirika mengi makubwa ukishaingia, kinachokupanga ni tarehe uliyoajiriwa. Hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utapata likizo Idd au Februari, utahamia lini kiti cha kushoto, cha kapteni, na mambo yakiharibika nani atolewe mwanzo. Saa zako 6,000 za kuruka huku nje hazikusogezi mbele hata nafasi moja. Ni foleni ya feri ya Likoni: umetoka kununua mhogo wa kuchoma, ulikuwa umeshaliona pantoni, lakini ukirudi unasimama nyuma ya yule aliyefika sasa hivi na mkokoteni. Kwa hivyo mwenye miaka 27 akihama anapoteza kidogo. Mwenye miaka 40 na watoto watatu shuleni anapoteza karibu kila kitu, basi hahami. Hakuna aliyemfunga kamba. Kila mwaka bei ya kutoka imepanda kidogo, naye alikuwa akisema mwakani.

Na foleni yenyewe hukwama kwa mambo usiyoyatia mkono. Mwishoni mwa 2006 kanuni za kimataifa zilipandisha umri wa rubani wa abiria kutoka 60 hadi 65, kwa ndege za marubani wawili. Mimi nilishangilia, nilikuwa nimeongezewa mkate. Lakini kila aliyekuwa chini akingoja mkubwa wake astaafu aliwekewa miaka mitano zaidi palepale. Ukiwa umeshaingia kwenye foleni, uchungu huo unagawana na wenzako. Ukiwa nje, mlango wote umefungwa.

Jambo la pili, la rekodi. Februari 2009 ndege aina ya Dash 8, ya shirika dogo linalolibebea shirika kubwa abiria wake, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi ukaonyesha kapteni alikuwa ameanguka mitihani kadhaa ya kuruka, na mwajiri wake hakuwa akiijua yote. Wamarekani wakatunga sheria rubani afuatwe na rekodi yake popote aendapo, na msaidizi naye awe na saa 1,500, isipokuwa wachache wanaopunguziwa kwa masomo. Wako huko marubani wanaozeekea katika mashirika hayo madogo kwa sababu ya mtihani mmoja walioendea na usingizi. Simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege tunayopimiwa, ni mara mbili kwa mwaka, nanyi mnakwenda kama mnakwenda kunyolewa.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Someni mitihani ya leseni ya juu mapema, kabla ya ndoa ikiwezekana. Saa za ndege ndogo ya Caravan, injini moja na wewe peke yako, zina mwisho wake. Tafuteni injini mbili na mwenzio kando. Afya: cheti cha daktari ndicho leseni yenyewe. Pombe na usukani wa gari visikutane. Kiingereza cha redioni kinyoosheni. Msikope gari kwa sababu ya harusi ya mtu.

Hapo pa harusi ndipo ninapotaka kuwageukia wazazi wenzangu, maana hawa watoto hawakujilea wenyewe. Tunauza shamba la minazi Kilifi, mtoto apate leseni ya biashara na saa zake 200, halafu tunashangaa kuwa na saa 200 hakuna anayemtaka. Anakaa nyumbani miaka miwili akiitwa rubani. Siku akipata kazi, mshahara wa kwanza una wenyewe kumi na wanane: ada ya binamu, paa la shangazi, mchango wa arusi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mshahara utashuka miaka miwili ili upande baadaye, atathubutu vipi? Tumempa tepe, tumemnyima nafasi ya kuzivua. Kisha akikwama tunakaa barazani tunauliza, “Kwani yeye haendi Dubai kama yule wa fulani?” Na hao madalali wanaochukua pesa za watu kwa kuahidi nafasi za kazi, tunawapa safu ya mbele misikitini. Nishasema, wacha nisiendelee, presha yangu haitaki.

Wewe kijana wa Ijumaa, najua utaletewa barua hii, mji mdogo huu. Sikukasirikia. Nilikasirikia yule aliyekupiga bega, kwa sababu mwaka 1991 nami nilikuwa na wangu, na alipostaafu hakuwahi kuniuliza imekuwaje. Umesema umewajibu kwa simu. Maneno ya simu hayajawa karatasi. Kesho ni siku ya kazi, ofisi zao zinafunguliwa asubuhi. Ukimaliza kuwapigia, njoo kwangu Kisauni Alhamisi baada ya Alasiri, uje na kitabu chako cha saa tukitazame pamoja. Njoo na kanzu tu, zile tepe ziache nyumbani.