Berlin, tiketi bila mhuri ni karatasi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wenzangu wa Kigoma wanaokwenda kutembelea watoto Ujerumani. Treni za chini ya ardhi za Berlin hazina geti. Unashuka ngazi, unapanda, basi. Mimi nilinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, nikaikunja mfukoni kama ninavyofanya nikienda Tabora. Kumbe palepale jukwaani kuna kisanduku: unachomeka tiketi, kinalia "krrk", kinaigonga tarehe na saa. Mkaguzi, kijana aliyevaa kiraia (nilidhani abiria mwenzangu), akanitoza yuro 60. Na tiketi ninayo mkononi! Binti yangu alicheka hadi kituo cha Alexanderplatz. Kesho yake niligonga yangu, nikamgongea na mgeni mwingine aliyekuwa ameduwaa.

Mzee wa Mwanga,
Kigoma