Jicho linacheza: lini uliache, lini uje tulitazame

Mteja anaketi kitini, anaelekeza kidole chini ya jicho la kushoto: "Ona, linacheza sasa hivi!" Tunatazama, hatuoni kitu. Mpaka tusogeze darubini ya kupimia macho ndipo tunaiona ngozi ya ukope wa chini ikishtuka kidogo, kama ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Yeye anaamini kila anayepishana naye anamwona. Hakuna anayeona.

Kinachocheza si jicho lenyewe. Ni nyuzi chache za msuli wa mviringo unaolizunguka, ule wa kufumbia. Neva inayouendesha ikichokozeka, nyuzi hizo hujikaza na kulegea zenyewe. Wachokozi wanajulikana: usingizi haba, mawazo, kahawa nyingi, skrini. Anayekodolea skrini macho husahau kupepesa, jicho likakauka, na ukavu nao ukauchokoza ukope. Miwani isiyokufaa tena huongeza uchovu, lakini tusidanganyane: miwani mipya peke yake si dawa ya jicho kucheza. Wala vidonge vya magnesiamu hatukuuzii kwa ajili hiyo. Ushahidi wake ni mdogo mno.

Lala mapema siku kadhaa mfululizo, punguza kahawa, na kila baada ya dakika 20 za skrini tazama kitu kilicho mita 6 mbele yako kwa sekunde 20. Jicho likiwa kavu, matone ya machozi bandia husaidia. Kwa wengi huisha baada ya siku chache. Kwa wengine huchukua wiki kadhaa.

Likizidi wiki 3, au jicho likiwa jekundu, limevimba, linatoa usaha au ukope wa juu unalegea na kushuka, njoo. Angalia hasa kama mchezo umehama. Ukishuka shavuni hadi pembe ya mdomo, upande uleule, mara nyingi kuna mshipa wa damu unaoigandamiza neva ya uso. Macho yote mawili yakijifumba kwa nguvu hata ukashindwa kuvuka barabara, huo ni ugonjwa mwingine. Hapo tutakuandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa. Hali zote mbili hutibiwa kwa sindano za kulegeza misuli, zinazorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi.

Lakini upande mmoja wa uso ukilegea ghafla, ulimi ukawa mzito au mkono ukakosa nguvu, usije kwetu. Kimbilia hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo.