Lenzi za kuvuta: wenye maduka tao watuache tujaribu kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee juu ya zile lenzi za kuongezea mbele ya kamera ndogo za dijito, zile za kuvuta vitu vya mbali, kwa sababu naona watu wanapoteza pesa zao na wengine wanatupa kamera nzuri kabisa wakidhani imeisha kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands na ndiye nasimamia klabu ya mazingira. Tuko na kamera moja tu, ya mfukoni, megapikseli 7, zumu yake 4x, yaani kwa hesabu ya kamera za filamu inatoka milimita 35 mpaka 140, na milimita zikiwa nyingi ndivyo kitu cha mbali kinaonekana karibu. Hiyo 140 ukiingia nayo Nairobi National Park utapata twiga akiwa kando ya barabara, huyo hana shida, lakini kifaru akisimama kule kwa nyasi anatoka kama jiwe, na tukirudi darasani watoto wanaanza kubishana kifaru ni kipi na kichaka ni kipi. Ni uchungu, kwa sababu mtoto amechanga nauli na wazazi wake wamejinyima ili aone mnyama, halafu anarudi na picha ya doti.

Kwa hivyo mwaka jana nikachanga nikaenda tao, duka moja la ghorofani, nikauziwa lenzi imeandikwa 2x, yaani inakuza mara mbili, kwa 3,500. Nikaomba niijaribu nikaambiwa ikitoka kwa boksi imeshanunuliwa. Haikuwa na adapta, kile kifaa cha kushikisha lenzi kwa kamera, jamaa akanipa karingi ka kubana na skurubu tatu, kanashika ile pua ya kamera yenyewe, ile inayotoka na kuingia ukiwasha. Mimi sikujua. Nimefika nyumbani, nimewasha, pua ikasukuma kioo chote kile kizito, ikanguruma, ikainama mbele, ikarudi nusu ikagandia hapo. Fundi alikaa nayo wiki mbili na akachukua 2,000.

Iliporudi nikaketi nayo vizuri, safari hii kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu na lenzi nimeishikilia kwa mkono. Nikapiga kibao cha duka la ng'ambo ya barabara bila lenzi, nikachukua rula nikapima herufi moja kwa skrini, milimita 12. Nikaweka lenzi nikapiga tena bila kusogea hata hatua moja, herufi ileile ikawa 17. Sasa 12 mara mbili si ni 24? Hiyo lenzi ni 1.4x na kitu hivi, si 2x, na herufi za pembeni zilikuwa zimesambaa kama wino umemwagiwa maji.

Lakini nisikilizeni, sisemi hizi lenzi ni takataka. Baadaye nikapata ya mitumba, Olympus TCON-17, ambayo ni 1.7x, nikatafuta na adapta yake ya bomba, ile inayojifunga kwa mwili wa kamera pale ringi ya mbele inapotoka, si kwa pua. Bomba linabeba uzito wote, pua inatembea ndani kwa raha zake. Hapo 140 yangu ikawa 238. Na uzuri wake ni kwamba haili mwanga, kamera ilikuwa f/4.1 kwa mwisho wa zumu (hiyo namba ya f ikipanda mwanga unaoingia unapungua) na imebaki f/4.1, tofauti na zile zinazowekwa nyuma ya lenzi kwa kamera kubwa, ambapo ukiweka ya 2x ile f/4 yako inageuka f/8 na unaanza kutafuta jua. Kuna wenye watasema si ukate tu picha kwa kompyuta, ama utumie zumu ya dijito. Sawa, lakini piga hesabu, pikseli milioni 7 ukizikata mpaka ufikie ukaribu wa 1.7x unabaki na kama milioni 2.4, zingine zote umezitupa. Lenzi inakuachia zote.

Nilienda nayo pale karibu na Nyayo Stadium, kwa ile miti yenye marabou, wale ndege wakubwa wa kipara, wanakaa juu, asubuhi mapema. Nikapata mmoja amesimama kwa tawi, na kwa mara ya kwanza nikaona nywele chache zimesimama kwa kile kipara chake na madoa meusi kwa ngozi ya uso. Kwa ukingo wa mdomo, pale panapokutana na anga nyeupe, kulikuwa na kamstari ka zambarau, hiyo ni kawaida ya hizi lenzi, nikafunga aparcha, lile tundu la kuingiza mwanga, mpaka f/5.6 kakapungua sana. Watoto walipoiona hiyo picha darasa zima lilinyamaza, halafu mmoja akauliza, mwalimu, kwani huyu ndege ako na nywele?

Mambo ya kujua si mengi. Lazima uvute zumu mpaka mwisho, ukiiacha katikati utaona duara jeusi kama unachungulia kwa paipu. Ukiwa 238 mkono ukitetemeka kidogo picha inaharibika, spidi ya kupiga picha isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, ama uweke kamera juu ya mfuko wa mchele kwa dirisha la gari na dereva azime injini kabisa (madereva hawapendi, lakini waombeni). Saa sita mchana pale parki hewa inacheza juu ya nyasi na hakuna lenzi itakusaidia hapo, nendeni saa moja. Na flashi msahau, bomba linaikinga, nilijaribu siku ya wazazi ukumbini nikapata kivuli cha nusu mwezi chini ya kila picha, na wazazi walikuwa wamevaa vizuri sana siku hiyo.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka. Mteja akija na kamera yake mkononi mwacheni atoke mpaka mlangoni apige kibao cha ng'ambo mara mbili, na lenzi na bila lenzi, ni dakika mbili. Akiogopwa kutoroka si mshike kitambulisho chake. Na msiuze lenzi nzito na karingi ka kubana pua, uza na adapta ya hiyo kamera, kama hauna mwambie hauna. Hivyo vilenzi vya kubana kwa simu pia vimejaa tao na vimeandikwa 8x, 12x, na wanafunzi wangu wanadunduliza pesa za lanchi kuvinunua, mambo ni yaleyale.

Na wewe msomaji mwenye kamera ndogo imelala kwa droo, angalia kama ile ringi ya mbele inatoka. Kuna zenye zina kakitufe kadogo kando ya lenzi, unafinya unazungusha ringi inatoka, hiyo inachukua adapta. Kama hauna haja nayo tena, klabu za shule kama yetu zinaweza kuitumia, sisi tuko watoto 34 na kamera ni ileile moja.

Mwalimu, klabu ya mazingira,
Eastlands, Nairobi