Mpwa wangu, pointi 15 peke yake hazimfanyi mbwa kuwa bingwa

Mpwa wangu,

Umeuliza mbwa wako anatakiwa kushinda mara ngapi ili aandikwe bingwa kwenye vitabu vya American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa na kusimamia maonyesho yao. Swali lenyewe limekaa upande. La kuuliza ni ushindi wa aina gani, na mikononi mwa majaji wangapi. Wapo mbwa wenye pointi 15 na zaidi ambao bado si mabingwa, na inawezekana kabisa mbwa akaupata ubingwa kwa maonyesho 3 tu.

Kanuni ni hii. Mbwa akusanye pointi 15. Katika onyesho moja hupata kuanzia 1 hadi 5, wala hazizidi hapo hata akiwashinda mbwa mia. Ushindi wa pointi 3, 4 au 5 wenyewe huuita meja, na ndani ya zile 15 lazima ziwemo meja 2 kutoka kwa majaji 2 tofauti. Halafu lazima awepo jaji wa tatu, asiye mmoja wa hao wawili, aliyempa walau pointi 1.

Sasa piga hesabu. Pointi 5 mara 3, kwa majaji 3: zimetimia 15, ni bingwa. Mbwa mwingine ana meja 2 za pointi 3 kila moja, zilizobaki anaziokota moja moja: 6 na 9, amehitaji ushindi mara 11. Wa tatu ameshinda mara 20, kila mara pointi 1, kwenye maonyesho yenye mbwa wachache: ana pointi 20 na hana ubingwa. Huyu wa tatu ndiye ninayemhofia kwako, kwa sababu pointi moja moja huzoeleka. Utepe unapatikana kila wiki, picha zinapigwa, na meja haikaribii hata kidogo. Meja ziliwekwa ili mbwa apambane penye umati, na majaji 3 waliwekwa ili ubingwa usitegemee mapenzi ya mtu mmoja. Kwa hiyo panga safari zako kwa kufuata meja tangu mwanzo, pointi ndogo zitajileta zenyewe.

Meja ni mbwa wangapi? Inategemea aina ya mbwa, jinsia, na eneo la Marekani linapofanyika onyesho. Jedwali hupitiwa upya kila mwaka, kwa hiyo soma la mwaka huu. Labrador Retriever, waliojaa kila mahali, huhitaji kuwashinda wengi; Otterhound, ambao ni adimu, huhitaji wachache sana. Tena kinachohesabiwa ni mbwa walioingia ulingoni wakahukumiwa. Waliolipiwa wakabaki nyumbani hawamo, na aliyeondolewa na jaji hayumo. Hapa ndipo meja nyingi huvunjika: orodha inaonyesha idadi kamili ya meja, wawili wanaugua au gari linawaharibikia njiani, na ushindi uliokuwa wa pointi 3 unashuka hadi 2. Chagua onyesho ambalo idadi imepita kiwango kwa mbwa kadhaa. Na wewe mwenyewe ukishaandikisha, nenda. Kumzuia mbwa makusudi ili meja ya wenzako ivunjike ni ubaya, na katika ulimwengu huu mdogo watu hawausahau.

Siku yenyewe inaendeshwa hivi. Madume huingia kwanza, kwa madarasa: miezi 6 hadi 9, miezi 9 hadi 12, miezi 12 hadi 18, wanaoonyeshwa na waliowazalisha, waliozaliwa Marekani, darasa la wazi, na mengine. Washindi wa madarasa hurudi pamoja, na mmoja huchukua utepe wa zambarau. Huyo ndiye Mshindi wa Madume, na yeye ndiye anayeondoka na pointi. Anayemfuatia hupewa utepe wa zambarau na nyeupe, na kwa kawaida haambulii pointi. Lakini ikigundulika baadaye kwamba mshindi hakustahili kushindana, pointi humhamia yeye. Majike nao hivyo hivyo.

Baada ya hapo Mshindi wa Madume na Mshindi wa Majike huingia pamoja na mabingwa kugombea nafasi ya Bora wa Aina. Wageni wengi hudhani kazi imeisha na kumfunga mbwa kwenye kizimba chake. Wanakosea sana. Katika raundi hii jaji huchagua pia aliye bora kati ya washindi wale wawili. Tuseme madume walikuwa wachache, ushindi wao ukawa wa pointi 2, na majike walikuwa wengi, wao 4. Dume wako akichaguliwa, anapanda hadi 4, na jike hapotezi zake. Siku iliyoanza na pointi 2 inaisha na meja. Akiwa Bora wa Aina, mabingwa aliowashinda nao wanaingia katika hesabu yake. Na akishinda kundi lake, katika yale makundi 7 ambamo aina za mbwa zimegawanywa, anachukua kiwango cha juu cha pointi alichopata mbwa yeyote wa kundi hilo siku hiyo.

Sasa ulingoni. Jaji huhukumu takriban mbwa 25 kwa saa, yaani una dakika 2 na sekunde chache. Kichwani mwake ana vigezo vilivyoandikwa vya aina hiyo, na mbwa wako anapimwa kwa vigezo hivyo, kwa hiyo visome mpaka uvijue kwa moyo. Mbwa mdogo hupandishwa mezani, mkubwa husimama chini. Jaji atafungua mdomo atazame meno yanavyokutana, atapapasa mabega, mbavu, mgongo na mapaja, na kwa dume atahakikisha kende zote 2 zimeshuka. Dume mwenye moja tu hashindani. Aliyehasiwa naye hawezi kupata pointi za ubingwa, kwa kuwa maonyesho haya yalianzishwa kupima mbwa wa kuzalisha. Mbwa anayejaribu kumshambulia mtu ulingoni huondolewa kabisa. Kwa sababu hiyo mzoeshe mapema: dakika 5 kila siku, mikono tofauti, wageni wamshike taya na kumgusa miguu.

Mwendo ndio unaowaangusha wengi. Utaambiwa uende moja kwa moja na kurudi, kisha uzunguke. Ukienda, jaji anatazama miguu ya nyuma. Ukirudi, ya mbele. Ukizunguka, anatazama urefu wa hatua na mgongo kama umetulia. Ukitembea upinde hakuna anachokiona. Ukikaza kamba juu, miguu ya mbele inainuka na kurushwa nje, na mbwa mwenye mabega mazuri anaonekana mbovu. Ukikimbia kupita kasi yake, anayumba. Legeza kamba, na usisimame kati ya jaji na mbwa wako.

Usimpake rangi wala kubadilisha chochote alichozaliwa nacho. Hilo ni kosa la kuondolewa. Na kuwa na subira na umri. Mtoto wa miezi 8 anaweza kupata pointi, kisha akiwa na miezi 13 akarefuka miguu, kifua bado chembamba, asionekane tena. Aina kubwa hukomaa kwa miaka 2 hadi 3. Mpumzishe, usimchoshe ulingoni katika miezi hiyo.

Wenzetu wa Uingereza hawana pointi za namna hii: chama chao, Royal Kennel Club, hutaka vyeti 3 vya ubingwa kutoka kwa majaji 3 tofauti, na walau kimoja mbwa akipate akiwa ameshapita miezi 12. Jaji asiporidhika anaweza kukizuia cheti, hata kama mbwa ndiye wa kwanza. Kwa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ubingwa wa kimataifa wa njia ya maonyesho huhitaji CACIB 4, yaani vyeti vyao vya ubingwa wa kimataifa, katika nchi 3, kwa majaji 3, na kati ya CACIB ya kwanza na ya mwisho upite mwaka 1 na siku 1. Mbwa wa chini ya miezi 15 haipati. Utaona kote wanarudia jambo lile lile, macho ya watu 3 wasiofanana.

Bingwa Mkuu ni ngazi ya baadaye, pointi 25 na meja 3, na lazima awe amewashinda mabingwa wengine katika maonyesho 3 au zaidi. Tutaizungumza ukifika.

Kwa sasa fomu. Uandikishaji hufungwa wiki mbili na zaidi kabla ya onyesho, na mbwa akiingizwa darasa lisilo la umri wake siku ile, ushindi unafutwa hata kama alistahili. Ukishaijaza, nisomee kwa simu jina lake lilivyoandikwa kwenye cheti, namba yake ya usajili na tarehe ya kuzaliwa, kabla hujaituma.

Mjomba wako