Msichana wa Kwanza ni wa Mama Mkwe Wako

Mwanangu Wairimu,

Sisi huku Limuru hatujambo. Baridi ya Julai imekaza, na baba yako hatoki nje bila lile koti lake la zamani. Anakusalimu, na bado anauliza kama ni kweli huko Cork, Ireland, mvua hainyamazi. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili mume wako anayejifunza apate cha kusoma, maana haya yanamhusu yeye kuliko wewe.

Orodha ya majina ya mtoto mliyonitumia nimeisoma. Mmesema mnataka jina la Kiairishi lisilo la kawaida, la kuwaenzi wazee wa ukoo wake. Sasa, Fiadh ndilo jina walilopewa wasichana wengi kuliko jingine lolote Ireland mwaka 2021. Mkiliita uwanjani watageuka watoto watatu. Saoirse linapendeza, ila ni jina la karne ya 20; kina nyanya zake wa zamani hawakulijua. Sadhbh ni la kale kweli na sina neno nalo, lakini nilipouliza ni la nani katika ukoo, mlinijibu kwamba linavutia. Hapo ndipo nina la kusema.

Kwetu Wagikuyu mtoto hatafutiwi jina. Wewe ni Wairimu kwa sababu mama ya baba yako alikuwa Wairimu, na ndiyo maana mpaka leo baba yako hukuita "mama". Waairishi nao walikuwa na utaratibu wao, na umekaribiana sana na wetu: mvulana wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa wavulana hatuna ugomvi. Kwa wasichana ndipo tunapoachana. Kwao wa kwanza ni wa mama ya mke, kwetu ni wa mama ya mume. Hebu angalieni basi mlivyokaa: tukifuata mila yao, mtoto ni mimi, tukifuata yetu, ni mama mkwe wako. Kila upande unampisha mwenzake mlangoni. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mimi nimeshampisha. Najua mume wako anafikiria Bríd kwa heshima yangu, kwa kuwa nilibatizwa Brigid, na nashukuru. Lakini mwambie jina hilo lilinifikiaje. Masista wa Loreto walikuja Kenya kutoka Ireland mwaka 1921, na miaka mingi baadaye mmoja wao ndiye aliyempendekezea mama yangu. Ni jina la mtakatifu mkubwa. Tangu 2023 nchi nzima huko inapumzika Februari kwa ajili yake. Ila kwangu lilikuwa jina la kuandikishia shule. Nyumbani mimi ni Nyambura. Mkimwita mtoto Bríd, mtakuwa mmemuenzi sista.

Sasa mama mkwe wako. Kwenye pasipoti yake ni Abbey, nanyi mmeishia hapo, mkasema upande huo hauna jina la Kiairishi. Lipo. Watu wa rika lake kule kijiji cha Baile Bhuirne humwita Gobnait. Mambo haya yalikuwa ya kawaida kwao: makarani waliandika Kiingereza, mapadri waliandika Kilatini, na mtu akatoka na jina ambalo mamake hakulitamka hata siku moja. Conchúr aliandikwa Cornelius. Tadhg akawa Timothy, Diarmaid akawa Jeremiah, Gobnait akawa Deborah au Abbey. Mwambie mume wako afungue sensa za 1901 na 1911. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa yao imeziweka kwenye intaneti bure. Za kabla ya hapo karibu zote zimepotea, nyingine katika ule moto wa Dublin wa 1922. Akikuta kina Cornelius na Jeremiah wamejaa ukoo mmoja wa Cork, asidhani wazee wake walikuwa wapenzi wa Kilatini.

Mwaka ule tulipokuja, mama mkwe wako alinichukua tarehe 11 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Gobnait. Kanisani kuna sanamu ndogo ya mbao, ya zamani mno, sura yake imelika karibu yote. Watu wanapanga foleni na utepe mkononi. Ukifika unaunyoosha utepe kutoka kichwani mwa sanamu hadi miguuni, kisha unauzungusha kiunoni, halafu unaukunja kwenda nao nyumbani kuwafungia wagonjwa. Mama mkwe wako alinipimia wangu, na uko hapa ndani ya Biblia. Njiani alinisimulia kwamba mtakatifu huyo alitoroka kutoka kisiwa cha Inis Oírr, na malaika akamwambia asitulie popote mpaka akute paa tisa weupe wanakula majani. Tisa! Nikamwambia hata sisi tunawahesabu binti za Mumbi, mama wa Wagikuyu wote, tisa na zaidi. Alipenda zaidi nilipomwambia kwamba babu yangu alikuwa na mizinga, kwa sababu Gobnait wao ndiye aliyewatuma nyuki wawafukuze wezi wa ng'ombe.

Sikufichi, jina lenyewe ni zito. Si jina la kuchora kwenye keki. Mama mkwe wako aliniambia shuleni walimtania, kwa kuwa mwanzo wa jina hilo kwa Kiingereza cha mitaani ni mdomo, na hajui kama angempa mtu. Kwa hiyo msiamue bila yeye. Nendeni Jumapili, mkae, mnywe chai yake, mumuulize yeye mwenyewe. Akikubali, liandikeni Gobnait kamili, si Abbey. Akikataa, mwulizeni mama yake aliitwa nani nyumbani, si kwenye cheti. Mkipata jina la mtu aliyepika, aliyelima, aliyegombana na jirani kuhusu mpaka, hata likiwa gumu namna gani, hilo ndilo mlilokuwa mnalitafuta kwenye orodha. Hapa Limuru tutamwita Gobineti na hatajali.

Akiwa mvulana, kazi imekwisha: ni babu yake mzaa baba, na babu huyo ni Conchúr, hata kama benki inamjua kwa Cornelius. Msimfupishe kuwa Conor. Na mkaangalie ile alama juu ya u ikiandikwa, msije mkaambiwa kompyuta haina. Wewe mwenyewe unajua kitambulisho chako kilivyoandika Wairimu bila mkia juu ya u ya mwisho. Kuandikisha mna miezi 3 tangu azaliwe, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia jina mkiwa bado hospitali.

Nyambura mwekeni kando kwa sasa, hata kama jina la pili. Akizaliwa msichana mwingine baada ya huyu, ndiyo zamu yangu, na hapo sitampisha mtu.

Kula vizuri, na umsalimie mama mkwe wako. Mwambie utepe ninao.

Mama yako,
Nyambura