Njoroge, matairi yako yamefika Maseno

Kisumu,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Njoroge,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, mvua inanyesha karibu kila alasiri, na Mama Akinyi ameniambia nisithubutu kuifunga barua hii kabla sijamsalimia mama yako. Basi msalimie sana.

Najua nimekawia. Kifurushi chako kilifika wiki tatu zilizopita. Nilikichukua kwenye ofisi ya mizigo pale steji, nikakutumia ujumbe wa neno moja, "Nimepokea," kisha nikanyamaza. Neno moja kwa mtu aliyenipa matairi mawili mapya ya baiskeli ambayo hata hayajatolewa kwenye pakiti! Pengine umesema moyoni kwamba Odhiambo siku hizi ameota pembe. Sivyo. Nilikuwa siwezi kuyatazama. Nilikitia kile kifurushi chini ya kitanda, na kila nikiinama kutafuta viatu nakiona. Sababu nitakueleza, lakini acha kwanza nikupe habari ya safari, maana najua hiyo ndiyo utakayoitafuta kabla ya jingine lolote.

Jana nimeyafunga. Leo nimeyaendesha hadi Maseno, nikazunguka Luanda na Majengo, nikarudi nyumbani kupitia Kiboswa.

Nilipoyafungua yalikuwa yamekunjwa kama chapati. Shem alikuwepo, akauliza kama nimetumiwa mshipi. Hayana waya wa chuma ukingoni kama yale tuliyoyazoea, ni nyuzi tu, ndiyo maana yanakunjika namna ile. Niliyapima kwenye mizani ya duka la Mama Akinyi, ile ya kupimia sukari: la mbele gramu 243, la nyuma gramu 247. Yale niliyoyavua yalikuwa gramu 410 na gramu 415. Kwa hiyo nimepunguza gramu 335 kwa yote mawili. Mama Akinyi akasema hiyo ni robo ya sukari na kitu juu, na akataka kujua ni bei gani. Sikumwambia. Ninajua uliyanunua kwa pesa gani na ulizikusanya kwa muda gani.

Kuyafunga kulikuwa kazi. Fundi Ouma pale Kibuye alipoona ukingo haupandi kwenye rimu, akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Nikamshika mkono. Tukaanza upya kwa maji ya sabuni: tukaanzia upande ulio mbali na valvu, tukawa tunaminya ukingo uingie kwenye lile bonde la katikati ya rimu, tukamalizia penye valvu kwa vidole gumba tu. Ouma alitoka jasho. Mwishowe likaingia kwa mlio kama wa kiungo kinachorudi mahali pake, na tyubu haikubanwa popote. Amekataa malipo aliposikia ni yako. Anakusalimu, na anauliza swali lile lile ambalo kila mtu hapa ananiuliza: kama kweli umeacha baiskeli.

Asubuhi nilitoka saa kumi na mbili na nusu, barabara bado nyeusi kwa mvua ya usiku. Kwa mazoea nilikuwa nimejaza upepo pauni 100. Unakumbuka tulivyokuwa tukiyapampu yale membamba ya milimita 23 hadi pauni 110, tukiamini kwamba tairi likiwa gumu kama jiwe ndilo linalokwenda? Kufika Otonglo mikono ilikuwa inakufa ganzi na baiskeli inarukaruka kwenye kila kiraka cha lami. Nikasimama kando ya barabara, nikatoa upepo hadi 75 nyuma na 70 mbele. Nilipopanda tena, Njoroge, baiskeli ikanyamaza.

Sijui nikuelezeje ile sauti. Yale ya zamani yalikuwa yanavuma, vuuu, muda wote, kama nzi ndani ya chupa, na nilikuwa nimeshaacha kuisikia kwa kuizoea. Haya yananong'ona. Ni kama leso inayoburutwa juu ya mkeka. Nilisikia ndege, nikasikia cheni yangu na jinsi inavyohitaji mafuta, nikasikia hata watu wakiongea kwenye vibanda nilipopita. Nilisimama tena kuangalia kama tairi lina pancha, kwa sababu kwangu ukimya wa namna hiyo ulikuwa na maana ya pancha tu.

Baada ya Kisian, pale barabara ya Bondo inapokwenda kushoto, ndipo mlima unapoanza, na ndipo nilipokukumbuka sana na mahesabu yako. Ulikuwa ukisema gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu, kwa sababu ile ya gurudumu unaisukuma mbele na unaizungusha pia. Nimelifikiria hilo mlima mzima. Ni kweli, lakini ni kweli unapoongeza mwendo tu, kama vile kutoka kwenye tuta. Ukishapata mwendo wako na ukaushikilia, gramu ni gramu, popote ilipo. Mimi na baiskeli na chupa za maji tuna kilo 82. Gramu 335 humo ndani hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa mlima wa saa nzima ni kama sekunde 15. Nani anahisi sekunde 15 miguuni?

Na mimi nimehisi kitu. Kutoka ziwani, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Maseno, kwenye karibu 1,500, nilipanda gia moja juu ya ile ninayotumia siku zote, na nilipofika kwenye bango la ikweta pumzi yangu ilikuwa bado inaniruhusu kuongea. Kwa hiyo nadhani tulikosea sote wawili miaka yote ile. Uzito si kitu kikubwa hapa. Kitu ni ulaini. Tairi likigusa lami hubonyea kisha hurudi. Lile lenye ukuta mnene na mgumu hukula nguvu kila linapobonyea. Nguvu ya mguu wako inageuka joto ndani ya mpira, basi, imepotea. Ukuta wa haya ni mwembamba, unaufinya kwa vidole viwili, na nyuzi zake ni laini. Linabonyea, linarudi, na linakurudishia sehemu kubwa ya ulichotoa. Na kwa kuwa ni mapana, milimita 28, linameza mashimo madogo badala ya kukurusha juu. Wepesi wa mizani umekuja na ulaini huo kwa sababu ukuta ni mwembamba, ndiyo maana tukadhani mizani ndiyo inayokwenda.

Pale Maseno nilikunywa chai. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya Black Mamba, na mkungu wa ndizi nyuma, aliegesha karibu yangu, akaminya tairi langu la mbele kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hii ni ngozi ya mtoto mchanga," akasema. "Barabara zetu zina miiba." Nikamwambia nimeahidi kutoyapitisha kwenye barabara ya murram isiyo na lami. Akauliza nimemwahidi nani. Nikakosa jibu la haraka, maana wewe hukuniomba ahadi yoyote. Uliandika tu juu ya kifurushi, "Yatumie."

Luanda hadi Majengo sina la kusema, lami ni nzuri na magari yalikuwa machache. Manyunyu yalinikuta Kiboswa.

Unaujua ule mteremko wa kushuka Mamboleo, na jinsi ziwa linavyotokea mbele yako ghafla. Siku zote nilikuwa nauachia. Leo nilishuka mikono yote miwili kwenye breki. Matairi mapya huwa na utelezi fulani wa kiwandani, kama yamepakwa nta, na kilomita za kwanza ni za kuyasugua tu. Na lami ilikuwa imelowa. Hata hivyo yalishika. Kwenye kona ya kwanza niliinama kidogo, kwenye ya pili zaidi kidogo, na yalishika pote. Ningeweza kukuambia yanashika kama kucha lakini sikwenda mwendo wa kulijua hilo, kwa hiyo chukua hiyo kama nilivyoiona. Nilichokuwa nacho kichwani mteremko wote ule hakikuwa Kiboswa. Kilikuwa Subukia.

Sasa nikueleze.

Ile Ijumaa usiku nyumbani kwako, kabla ya safari, matairi haya haya yalikuwa juu ya kabati ndani ya pakiti yake. Ulitaka kuyafunga usiku ule ule. Mimi nikalipindua gurudumu lako la nyuma, nikapitisha kidole kwenye mpira, nikaona limeshakuwa bapa katikati na lina mikato miwili mitatu, nikakuambia, "Hili bado lina mwezi mzima. Usiyachakaze mapya kwa barabara ya Subukia." Ukanisikiliza, kwa sababu mambo ya magurudumu ulikuwa ukiniachia mimi tangu tulipoanza. Ukayarudisha juu ya kabati.

Umewaambia watu wote kwamba kilichokuangusha ni mafuta ya lori pale kwenye kona. Umemwambia mama yako, umemwambia Shem, umeniambia hata mimi usoni pale hospitalini, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Njoroge, mimi nilikuwa nyuma yako. Niliusikia mlipuko. Na walipokuwa wakikupandisha kwenye gari niliichukua baiskeli, nikaliangalia lile tairi, likiwa limechanika pale pale kidole changu kilipopita. Sikukuambia. Wewe unajua, mimi najua, na wewe ukaamua kunipa mafuta ya lori nijifunike nayo. Miezi saba sasa. Halafu unanitumia matairi.

Ndiyo sababu yalikaa chini ya kitanda. Nilidhani umenitumia ili nikumbuke. Mama Akinyi ndiye aliyeniambia jana asubuhi, akiwa anapanga mikate wala hata hakugeuka, kwamba mtu mwenye kinyongo hawezi kulipia mzigo kutoka Nakuru hadi Kisumu na kufunga kila tairi kwa gazeti peke yake. Nikaenda kwa Ouma saa ile ile.

Nimekosa, ndugu yangu. Ningepaswa kulisema pale barabarani. Nisamehe kwa lile tairi, na nisamehe zaidi kwa huu ukimya, kwa maana lile la kwanza lilikuwa kosa la jicho na hili la pili nimelifanya kila siku nikijua.

Jingine kuhusu la nyuma: nilipofika nyumbani nimelikagua lote inchi kwa inchi, na nimekuta kipande cha kioo kimekwama kwenye mpira, kidogo kama punje ya simsim. Nimekitoa kwa ncha ya sindano. Hakijafika kwenye nyuzi. Kuanzia leo ndivyo nitakavyofanya kila safari, na la mtu yeyote nitakayeongozana naye pia, hata akinuna.

Na hili ulisikie vizuri: sikuyapokea kuwa yangu. Nimeyasugua kilomita chache, nimeyatoa ule utelezi, nimejua upepo wake. Kwa kilo zako anza na 70 nyuma na 65 mbele. Yako tayari kwa mwenyewe. Usiniambie umeacha baiskeli. Shem ananiambia umeacha, mama yako aliniambia kwa simu umeacha, lakini mtu aliyeacha hatumi matairi na kutaka kujua yanakwendaje. Uliponiuliza kwa ujumbe wiki iliyopita, "Je, ni mepesi kweli?" nilikaa na hilo swali usiku kucha.

Bega linaendeleaje? Unaweza kuinua mkono juu ya kichwa sasa, au mtulinga bado unavuta wakati wa baridi? Bado unakwenda kwenye mazoezi ya bega, au umekatisha kama ulivyokatisha dawa? Baiskeli bado inaning'inia stoo, au ni kweli umempa binamu yako aiuze? Kama bado iko, izungushe rimu ya nyuma uniambie: inayumba, au imenyooka? Spoki ngapi zimekatika? Na je, ukiambiwa tutoke asubuhi moja tu, polepole, kwenye tambarare ya kwenda Lanet, hakuna mteremko hata mmoja, mimi mbele na wewe nyuma yangu, utakataa?

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nauli ya kuja Nakuru nimeshaiweka kando, na gurudumu langu la akiba la nyuma liko tayari ukutani. Nataka kujua tu kama nije nalo au nije na matairi peke yake.

Wako,
Odhiambo