Barua ya wazi kwa Kamishna wa FDA: Dakika za mwanangu nazo zihesabiwe

Mheshimiwa Kamishna wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA),

Salaam kutoka Columbus, Ohio. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayolilia. Wakalimani mnao.

Mwanangu ana miaka 14 na ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi. Humo wamejichimbia bakteria wa Pseudomonas aeruginosa. Dawa yake ni antibiotiki iitwayo tobramisini, ya maji, ambayo mashine huigeuza ukungu akauvuta asubuhi na jioni, siku 28 mfululizo, kisha hupumzika siku 28. Saa kumi na moja alfajiri mashine inanguruma. Akimaliza, kifaa kioshwe, kichemshwe, kianikwe. Basi la shule halimsubiri mtu.

Mwaka 2013 mliidhinisha tobramisini ya unga: kapsuli nne kila awamu, bila umeme wala jokofu. Unga huo ulikuwa umeshindanishwa na dawa ya maji kwa wagonjwa 553. Kwa nguvu ya mapafu, dawa hizo zilitoshana. Ya maji ilichukua karibu dakika 20, unga chini ya dakika 6. Nimekaa na kalamu yangu: kwa siku 28, hizo ni zaidi ya saa 13 anazorudishiwa mtoto.

Sifichi upande wa pili. Karibu nusu ya waliovuta unga walikohoa, wakati upande wa maji ni kama theluthi moja, na walioacha jaribio njiani walikuwa wengi zaidi upande wa unga.

Bima yetu ilikataa kuulipia. Walituandikia kwamba haushindi dawa ya maji. Na ukitazama pumzi inayotoka katika sekunde ya kwanza, yaani kipimo cha nguvu ya mapafu, hawakudanganya! Hapo ndipo ninapokuomba. Kila unga mpya wa antibiotiki unapojaribiwa, muda unaomla mgonjwa uwe kipimo kikuu, ukae sawa na pumzi, usiwe wa kutajwa pembeni. Kikohozi nacho kisiishie kwenye ndiyo au hapana. Wagonjwa waulizwe kiliwakatiza nini: usingizi, somo, au chakula?

Nilimuuliza mwanangu kama angekubali kukohoa ili apate hizo dakika. Alizima mashine kwanza ndipo anisikie.

"Mama, nitakohoa nikielekea kituoni."

Wako,
Mama wa mgonjwa